Kwa Nini Wahusika wa Katuni Hawavai Shati Mbele Yetu

Mhusika wa katuni za kompyuta ataruka ghorofa na kupigana na joka mbele ya macho yako, lakini ni nadra kumwona akivaa shati. Anaingia chumbani na nguo za kulalia, picha inakatwa, akitokea tena keshavaa. Usidhani ni uvivu. Kuvaa ni kugumu kuliko kuruka.

Mwili wa mhusika huyo ni gamba tupu lililofumwa kwa nukta na mistari. Mara nyingi sehemu zilizofunikwa na nguo hufichwa kabisa, bega au goti lisije likachomoza nje ya kitambaa. Ukimvua shati, chini yake hakuna kifua. Kwa hiyo wahuishaji hutengeneza vazi la kwanza na la pili, kisha kwenye fremu moja wanalizima hili na kuliwasha lile. Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde; ukiongeza mwanga, moshi au mzunguko wa haraka, mtazamaji hashtuki. Elsa wa Frozen (2013) anabadilishiwa gauni kwa barafu ya kichawi, kama Cinderella wa mwaka 1950 alivyobadilishiwa kwa vimetameta vya kuchorwa kwa mkono. Na hata kwa Elsa vitu hupenyana: msuko wa nywele unapita katikati ya mkono wake. Angalia tena.

Si kwamba kompyuta haijui kitambaa. Koti la mzee Geri katika filamu fupi ya Pixar ya mwaka 1997 lilikunjika kwa hesabu za mwendo wa nguo, na mwaka 1998 watafiti David Baraff na Andrew Witkin walionyesha namna ya kuziharakisha hesabu hizo. Lakini hizo ni nguo zilizokwisha kuvaliwa.

Tatizo ni mkono wa shati. Jitazame asubuhi: unakusanya vidole visinase, unapapasa tundu, unashusha bega, mkono wa pili unavuta kola. Kwa kompyuta, kidole gumba kikinasa, kitambaa kinavutika bila mwisho. Kitambaa kikibanwa kwapani, mkono unakisukuma kwenye mbavu na mbavu zinakirudisha. Kinatetemeka au kinatoboa nyama. Mwaka 2015 mtafiti Alexander Clegg na wenzake wa chuo cha Georgia Tech walimfanya mhusika alitafute tundu la mkono wa nguo mwenyewe, na mwaka 2018 wakamfundisha kwa kujaribu na kutuzwa, akiwa na hisia ya kugusa. Baadaye Clegg aliihamishia kazi hiyo kwenye roboti za kuwavika watu wasiojiweza, na kwa maoni yangu huko ina faida zaidi kuliko kwenye sinema.

Kijana unayeanza uhuishaji, usidhani kanga itakuokoa kwa kuwa haina mikono: tabaka zinazogusana na lile pindo linalochomekwa kifuani ni balaa jingine. Kata picha, au mpitishe mhusika nyuma ya pazia. Na mteja aking'ang'ania kuona kila kifungo kikifungwa, mtajie bei kwanza.