Nyaya za Simu Zilizomo Ukutani: Zitumike Tena au Ivutwe Faiba?

Hoteli, hosteli za vyuo na maghorofa ya kupangisha yaliyojengwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja kabla ya simu za mkononi kuenea yana kitu ambacho wenye majengo wamekisahau: jozi ya nyaya za shaba inayotoka kila chumba hadi kwenye boksi moja, kwa kawaida chini ya ngazi au nyuma ya mapokezi. Nyaya za nje za TTCL na Telkom Kenya zimeandamwa na wezi wa shaba kwa miaka mingi. Zilizozikwa ndani ya kuta zimebaki, kwa kuwa hakuna mwizi wa kubomoa plasta ya hoteli.

Mwenye jengo anayetaka intaneti ya kasi kila chumba huletewa makadirio ya aina tatu: vifaa vya waifai kwenye korido, nyaya mpya za mtandao, au faiba. Njia ya nne haitajwi mara nyingi, na kwa baadhi ya majengo ndiyo inayofaa kuliko zote. Ni kuweka kifaa kimoja kiitwacho DSLAM pale kwenye boksi la simu. Kampuni za simu zilikuwa na DSLAM za ukubwa wa kabati. Zilizo ndogo zina upana wa inchi 19, baadhi yake kimo kisichofika sentimita 5, na hubeba laini 24 au 48. Sauti ya simu hutumia masafa ya chini tu, hadi kilohezi 4, na intaneti hupita juu yake katika waya uleule. Kwa hiyo simu ya mapokezi inaendelea kufanya kazi, jambo ambalo mwenye hoteli atalithamini siku atakapoona bei ya kubadilisha simu zote za vyumbani.

Kifaa hiki hakileti intaneti. Kinaisambaza tu. Ukinunua megabiti 50 kutoka kwa mtoa huduma wako ukazigawa vyumba 48, utakuwa na vyumba 48 vinavyogombania megabiti 50, hata kama kila waya una uwezo wa 100. Fungu la kwanza la bajeti liende kwenye laini inayoingia katika jengo.

Sasa tulinganishe. Vifaa vya waifai vya korido ndivyo rahisi kuvifunga, na katika jengo lenye kuta nyembamba za matofali vinaweza kutosha. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar havitoshi. Nyumba za pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene sana, na mawimbi ya waifai hufika kitandani yakiwa yamechoka. Kutoboa nako si jambo la kuamua na fundi wako asubuhi: mji huo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na una mamlaka yake ya hifadhi inayosimamia kinachofanywa katika majengo yale. Ikiwa ndani ya kuta hizo tayari mna jozi ya shaba nzima, ni kheri iliyokwisha kulipiwa.

Nyaya mpya za Cat6 zina kasi nzuri na vifaa vyake vinapatikana kila duka la kompyuta. Gharama yake imejificha kwenye kazi. Chukua hoteli ya vyumba 48, kila chumba kikihitaji wastani wa mita 40 za waya. Hizo ni mita 1,920, na boksi moja la waya lina mita 305, kwa hiyo unanunua maboksi 7, au 8 ukihesabu vipande vinavyopotea. Mpaka hapo si fedha ya kutisha. Lakini kuchonga ukuta, kupiga plasta na kupaka rangi kunafunga vyumba. Tuseme kila chumba kinafungwa usiku 2 na kinalala mgeni kwa shilingi 80,000. Umepoteza shilingi 7,680,000 ambazo hazimo kwenye makadirio ya fundi yeyote. Tena waya huo una kikomo cha mita 100, kwa hiyo hoteli ya bangaloo zilizotawanyika ufukweni italazimika kuweka swichi njiani, kwenye unyevu na chumvi.

Faiba ndiyo bora kwa kasi na kwa umri. Katika mfumo wa GPON, tundu moja la kifaa cha kati hutoa gigabiti 2.5 zinazogawanywa kwa vyumba 32 au 64, na umbali ndani ya eneo la hoteli si tatizo kabisa. Faiba haishiki kutu, na radi haipiti ndani yake. Jambo hili la radi lina uzito kwa bangaloo: waya wa shaba unaotoka jengo moja hadi jingine, masika yakianza, unaweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Udhaifu wa faiba ni ule wa kazi ya ukutani, pamoja na kumhitaji fundi mwenye mashine ya kuunganishia.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea hesabu. Swali la kwanza si kifaa gani kinunuliwe, ni waya wa zamani umelazwaje. Kama umo ndani ya paipu na ukiuvuta unateleza, basi usiuache hapo: ufunge faiba mwishoni mwake, uvute, na faiba itaingia mahali pake bila nyundo kugusa ukuta. Jengo la namna hiyo halina sababu ya kununua DSLAM. Kama waya umezikwa moja kwa moja kwenye plasta na hautikisiki, DSLAM inaanza kushinda.

Lakini DSLAM ipi? Sokoni kuna zilizotumika za ADSL2+, na bei yake inavutia. Usizinunue. Teknolojia hiyo ya mwaka 2003 inafika megabiti 24 kwa kushusha, lakini kwa kupandisha ni kama megabiti 1 tu. Mkutano wa Zoom wenye picha ya 1080p unataka karibu megabiti 3.8 za kupandisha. Mgeni anayefanya kazi akiwa safarini atahama hoteli. Tafuta VDSL2, iliyoidhinishwa mwaka 2006. Ndani ya mita 300 inaweza kukaribia megabiti 100 za kushusha. Uingereza, kampuni ya nyaya za simu ya Openreach iliitumia kuanzia kabati za barabarani hadi majumbani na kuuza hadi megabiti 80 za kushusha na 20 za kupandisha, kwa waya mrefu kuliko wa ghorofa lako. Ipo pia G.fast ya mwaka 2014, ambayo katika waya mfupi inakaribia gigabiti 1, lakini haikuenea sana, na vipuri vyake utavitafuta mbali.

Ukinunua VDSL2 iliyotumika, soma kibandiko cha umeme kwanza. Vifaa vingi vya kampuni za simu hutumia volti 48 za DC, na usipojua utaletewa nyumbani boksi lisilo na pa kuchomeka mpaka ununue kigeuzi. Uliza kama kina uwezo wa kuondoa mwingiliano kati ya jozi, kwa kuwa nyaya 48 zilizofungwa pamoja husumbuana na kasi hushuka. Uliza bei ya modemu pia. Kila chumba kinahitaji yake, na modemu 48 zinaweza kugharimu zaidi ya kifaa kikuu.

Halafu umeme. Kifaa kikuu cha wati 60 kinakula uniti 43 kwa mwezi. Modemu 48 za wati 7 kila moja zinakula uniti 242. Kwa bei ya TANESCO ya takribani shilingi 356 kwa uniti, hizo za modemu peke yake ni kama shilingi 86,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 5 kwa miaka mitano. Faiba nayo ina kifaa chake chumbani, hivyo kwa upande huu hazipishani sana. Ila hesabu hiyo iwe mezani kabla ya kulipa.

Umri wa teknolojia nao ni gharama. Kampuni ya simu ya Telefónica ya Hispania imeshafunga mtandao wake wa shaba, na watengenezaji wanaelekeza nguvu zao kwenye faiba. Kwa hiyo DSLAM inunuliwe kwa matarajio ya miaka mitano hivi, mpaka ukarabati mkubwa ujao utakapofungua kuta, na ununue modemu kadhaa za akiba siku hiyohiyo.

Uamuzi wangu ni huu. Waya unaoteleza ndani ya paipu, na bangaloo zilizotengana: faiba. Shaba nzima iliyozikwa kwenye kuta usizotaka au usizoruhusiwa kubomoa: VDSL2. Na uzima wa shaba haukisiwi kwa macho, hasa pwani ambako chumvi hula viungio. Fundi aunganishe ncha mbili za jozi chumbani, kisha apime kwenye boksi. Jozi ya shaba ya milimita 0.5 yenye urefu wa mita 100 isome karibu ohm 18. Ikisoma 27, huenda ni alumini iliyopakwa shaba. Ikisoma 60, kuna kiungio kilichooza. Usilipe malipo ya awali kwa muuzaji yeyote kabla hujashika karatasi yenye kipimo cha kila chumba, kimoja kimoja, imesainiwa na fundi aliyepima.