Kobe wa Karungu hakuwa kasa

Mvua za masika zikishapita, makorongo ya kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria, hubaki yamechubuka. Udongo wa kijivu uliosombwa na maji huacha juu yake vitu vidogo vidogo: jino, ncha ya mfupa, tunda lililogeuka jiwe. Nilipoinama mimi, kilichonivuta macho ni kigae. Kilikuwa bapa, kinene kama kidole gumba, na juu yake kulipita mfereji mwembamba ulionyooka kana kwamba mtu ameuchora kwa kisu. Ningekiona uani kwetu ningesema ni kipande cha chungu kilichovunjika. Kumbe ni gamba la kobe aliyekufa miaka ipatayo milioni 18 iliyopita.

Mimi ni mtu wa pwani, na neno la kwanza lililonijia lilikuwa kasa. Mswahili wa Lamu au Pemba hachanganyi: kasa ni wa baharini, na ng'amba ndiye mwenye gamba lililokuwa likitengenezewa vitana na vijaluba. Kobe ni wa nchi kavu. Anayesikia kwamba mifupa ya kale imejaa Homa Bay na Migori, kando ya maji mengi kiasi kile, ni rahisi adhani kwamba hapo zamani palikuwa bahari. Nimelisikia hilo likisemwa kwa uhakika kabisa, hata na watu waliosoma.

Bahari haikuwapo. Kasa wa kale waliotoweka wana makaburi yao kwingine, mahali palipokuwa chini ya bahari kweli. Mkubwa wao anayejulikana ni Archelon, ambaye mifupa yake ilipatikana mwaka 1895 Dakota Kusini, Marekani, katikati ya bara ambapo leo hakuna hata harufu ya chumvi. Urefu wake ulikuwa kama mita 4.6, naye aliogelea kwa mapezi mapana kama makasia. Mifupa ya miguu ya kobe wa Rusinga haina umbo hilo. Ni minene na mifupi, imeumbwa kubeba uzito juu ya ardhi. Mfupa wa mguu peke yake unatosha kumaliza ubishi.

Hata ziwa lenyewe halikuwapo. Ziwa Victoria ni changa. Wanajiolojia hulikadiria kuwa na miaka kama 400,000 tu, na kama miaka 15,000 iliyopita lilikauka kabisa kabla ya kujaa tena. Wakati wa kobe hawa, kilichotawala hapa ni mlima wa moto, Kisingiri. Vilima vya Gwasi unavyoviona ukitoka Mbita kuelekea Karungu ni mabaki yake. Majivu ya Kisingiri yalikuwa na chokaa nyingi, na chokaa hiyo ndiyo iliyoihifadhi mifupa. Yalifunika majani, mbegu, wadudu, hata visiki vya miti vikiwa vimesimama palepale vilipoota.

Habari ya mifupa hii ilianzia Karungu, huko Migori, na ilianza kwa dhahabu. Watu wa Nyatike, ambao hadi leo wanachimba mashimo kuitafuta, watanielewa. Mwaka 1909 mtafuta dhahabu aitwaye Chesnaye aliona mifupa ya mawe Karungu. Taarifa zikamfikia C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, na ofisa mmoja kijana, Pigott, akaanza kukusanya. Pigott hakuuona mwisho wa kazi hiyo, maana aliuawa na mamba. Katika mifupa iliyofika London mlikuwamo mabaki ya mnyama wa jamii ya tembo, mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, akapewa jina la Hobley mwaka 1911.

Makumbusho ya Uingereza yakamtuma Felix Oswald. Alifika ufuo ambao ugonjwa wa malale ulikuwa umepita na kuacha maboma matupu, akachimba karibu peke yake, na kitabu alichokitoa mwaka 1915 juu ya safari ile kimebeba upweke huo hadi kwenye jina lake. Masanduku yake yalifunguliwa na Charles Andrews, ambaye mwaka 1914 aliandika juu ya wanyama wa Karungu. Wanyama wakubwa walipata sifa zao. Ila mimi nakwenda kwa kobe.

Andrews alimtambua kobe mmoja wa nchi kavu mwenye gamba zito, akamwita Testudo crassa. Hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake nene. Akamtambua na mwingine wa majini, mwenye gamba laini, akamwita Cycloderma victoriae kwa jina la ziwa. Huyu wa pili kipande chake hukosei ukishakijua. Hakina ule mfereji, kwa sababu gamba lake halikufunikwa na vigamba bali na ngozi. Badala yake uso wake umejaa vijituta na vishimo, unaukwaruza mkono kama mkeka wa ukindu uliosukwa mwembamba.

Kule Rusinga alitokea mwingine wa ajabu zaidi. Mwaka 1986 Peter Meylan na Walter Auffenberg walieleza jenasi mpya kabisa ya kobe wa nchi kavu, ambayo leo haipo popote duniani: Impregnochelys pachytectis. Jina linabeba habari yake, kobe asiyeingilika, mwenye paa nene. Nilipokishika kile kigae korongoni nilielewa kwa nini mtu angechagua jina hilo. Wajaluo humwita kobe opuk, na hadithi za opuk mwenye akili zimewalaza watoto wengi wa kando ya ziwa. Kumbe hapohapo, chini ya mashamba ya mahindi, yupo opuk ambaye hakuna bibi aliyewahi kumhadithia.

Linaloniuma ni kwamba hatajwi. Rusinga ikizungumzwa, linazungumzwa fuvu la nyani mkubwa ambalo Mary Leakey alilipata Oktoba 1948 na kulipeleka London akilipakata kwenye ndege. Ni haki yake kutajwa, na ni haki kwamba nyani huyo, ambaye leo anaitwa Ekembo heseloni, anabeba jina la Heselon Mukiri, Mkenya ambaye macho yake yaliona mengi kuliko wenye vyeti. Lakini ukitaka kujua nyani huyo aliishi katika nchi ya namna gani, muulize kobe. Mwenye gamba laini hawezi kuishi pasipo maji ya kudumu. Akipatikana, maji hayo yalikuwapo. Kobe mkubwa wa nchi kavu anahitaji jua la kuupasha mwili joto na ardhi yenye joto ya kufukia mayai. Akipatikana, msitu ulikuwa na mianya. Hivyo vigae viwili, kimoja chenye mfereji na kingine cha kukwaruza, vinaelezea nusu ya mandhari.

Na yule wa Karungu mwenye gamba laini hajatuacha kabisa. Spishi yake imekwisha, lakini jenasi yake ingalipo. Ndugu zake wanaishi kusini mwa Tanzania, Ziwa Nyasa na Msumbiji, na wengine katika bonde la Kongo. Hujifukia matopeni. Katika Ziwa Victoria hayupo hata mmoja. Kobe wa majini tulionao leo huku ni wa ukoo mwingine, wale wanaoingiza kichwa gambani kwa kukikunja upande.

Kigae changu nilikirudisha. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza kukichukua, lakini hata isingekuwapo, kigae kilichong'olewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake: tabaka gani, kando ya mfupa gani, kichwa kikielekea wapi. Nilikilaza kama nilivyokikuta, mfereji ukiwa juu, nikaandika mahali penyewe kwenye daftari ili niwape taarifa watu wa makumbusho. Upande wa Mfangano wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya.