Buti la Ngozi na Matope ya Kano

Buti la ngozi likilowa, wengi wetu Kisumu huliweka mahali pabaya kuliko pote: juu ya bati lenye jua, au ubavuni mwa jiko la makaa. Sababu naielewa. Kesho kuna safari ya Kit Mikayi au ya milima ya Nandi, na viatu vingine hakuna. Lakini mabuti mengi niliyoyaona yamepasuka kwenye vidole hayakuuawa na mvua. Yaliuawa na namna yalivyokaushwa.

Ngozi ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosukwa zikashikana. Ili isioze, hutiwa dawa ya magome, kama yale ya muwati unaolimwa nyanda za juu za Kenya, ama hutiwa chumvi za kromiamu. Kisha hunyweshwa mafuta ili nyuzi ziteleze kila mguu unapokunjika. Maji yakiingia, nyuzi huvimba. Yakitoka polepole, hurudi zilivyokuwa. Yakifukuzwa kwa moto, hugandana na ngozi huwa ngumu kama ubao. Ngozi ya magome iliyolowa huanza kujikunyata joto likifika nyuzi 70 hivi za selsiasi, na ubavu wa jiko hupita hapo bila shida. Ile ya kromiamu huvumilia hadi karibu 100, ila gundi ya soli hulegea mapema zaidi.

Kabla ya kukausha, ondoa matope, hasa ukitoka uwanda wa Kano. Udongo mweusi wa huko, ule unaoganda kwenye soli ukipita mashamba ya mpunga ya Ahero, ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Ukikaukia juu ya buti hufyonza unyevu wa ngozi, na mwanya ukipatikana huingia kwenye mishono na kuisaga. Basi usingoje kesho. Toa kamba na soli ya ndani, fungua ulimi hadi chini ambako mchanga na mbegu za nyasi hujificha, kisha osha kwa maji baridi na brashi laini. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo, maana ina alkali, na ngozi kwa asili yake ina asidi kidogo. Sisi wa ziwani tuna bahati moja ambayo ndugu zetu wa Mombasa na Lamu hawana: maji yetu ni baridi, hayaachi chumvi ya bahari kwenye ngozi. Chumvi tuliyo nayo ni ya jasho, na hiyo huondoka ukifuta ndani ya buti kwa kitambaa chenye maji.

Sasa jaza gazeti ndani, ulibadilishe kila linapolowa. Laza buti kwa ubavu, barazani, kivulini, mahali ambapo upepo wa mchana kutoka ziwani unapita. Usiku liingize ndani. Litachukua siku moja au mbili, na hakuna njia ya mkato ninayoweza kukupa kwa moyo safi.

Likishakauka, lilishe. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Rangi ya viatu ya kopo, kama Kiwi iliyoanza Melbourne mwaka 1906, ni nta na kiyeyusho pamoja na rangi. Inang'arisha na kuzuia maji kidogo, lakini hailishi ngozi iliyokauka. Tafuta mafuta ya ngozi yenyewe, au nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta, upake kidogo sana kwa kitambaa. Ukizidisha, ngozi hulegea na kifundo cha mguu hukosa mshiko kwenye mawe. Mafuta ya kupikia usiyaguse: huchacha, na kuvu huyapenda. Buti la ngozi yenye vinyweleo vifupi halitaki mafuta kabisa. Brashi kavu inatosha.

Kuvu yenyewe ni mgeni wa kila nyumba ya pwani hii ya ziwa, hasa miezi ya masika. Ukiona unga mweupe, futa nje ya nyumba kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kausha kivulini, na usiweke buti ndani ya mfuko wa plastiki tena.

Jambo linaloniumiza zaidi liko soko la Kibuye. Kule mtumba wa buti la mlimani huonekana kama zawadi: ngozi nene, mshono safi, halijavaliwa sana. Tazama chini. Kati ya ngozi na soli ya mpira, mabuti mengi ya kisasa yana tabaka la povu la poliurethani. Povu hilo huvunjwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini, na baada ya miaka mitano hadi kumi laweza kumeguka ghafla. Mtu hufika nusu ya mteremko, soli inabaki nyuma. Kwa hiyo kabla ya kulipa, bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha likunje buti. Likitoa unga, likinata, au likionyesha nyufa ndogondogo, bei yake ihesabu soli mpya.

Na ukilipeleka kwa fundi, usimwambie, "Fundi, tia gundi tu." Gundi itashika povu bovu, na povu litamegukia papo hapo. Mwombe alikwangue lote hadi afike kwenye ngozi au ubao wa ndani, abandike tabaka la mpira mzima, kisha ashone kuzunguka pale ambapo ukingo unaruhusu. Mafundi wanaoshona akala wanaujua mpira wa tairi vizuri. Wengi wataifanya kazi hiyo ukiwapa muda wa kutosha na buti lililo kavu.