Macho ya Sungura Yametosha, Onyo Liandikwe kwa Kiswahili

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwalimu huifafanua methali hii ubaoni, mwanafunzi akaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wote wawili wakaenda kunawa kwa sabuni bila kuwapitikia akilini kwamba huenda viungo vyake vilitangulia kutiwa katika jicho la mnyama. Leo ningependa tulizungumzie jicho hilo, na tujiulize faida iliyopatikana kwalo imemfikia nani.

Jaribio lenyewe lina historia ndefu. Mnamo mwaka wa 1933 nchini Marekani, rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure iliwadhuru wanawake kadhaa. Baadhi yao walipofuka, na mmoja akafariki. Wakati huo vipodozi havikuwa chini ya sheria ya taifa ya chakula na dawa. Viliwekwa chini yake mwaka wa 1938. Mwaka wa 1944, John Draize na wenzake katika idara ya serikali iliyosimamia sheria hiyo walichapisha njia ya kupima madhara ya kemikali machoni. Sungura mweupe hutiwa mililita 0.1 ya kitu kinachopimwa katika jicho moja, na jicho la pili huachwa ili lilinganishwe na lile la kwanza. Mchunguzi hulitazama baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na huweza kuendelea hadi siku ya 21, akitoa alama kwa wekundu, uvimbe, majimaji na ukungu unaotanda kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Alama za juu kabisa ni 110, na 80 kati yake ni za konea peke yake.

Sungura wa ngano zetu humlaghai fisi na kumtoroka simba. Huyu wa maabara hakuwa na hila ya kumwokoa. Alichaguliwa kwa kuwa ni mpole, ana jicho kubwa na gharama ya kumfuga ni ndogo. Kwa miongo mingi aghalabu hakupewa hata dawa ya kutuliza maumivu. Ilikuwa mwaka wa 2012 ambapo mwongozo wa shirika la OECD, unaofuatwa na mataifa mengi yenye viwanda, ulirekebishwa ili dawa hiyo iwe sehemu ya kawaida ya jaribio.

Wapo watakaosema kwamba afadhali jicho la sungura kuliko la mtoto. Hoja hiyo ina uzito, na waliopofushwa na Lash Lure ni ushahidi wake. Hata hivyo, inasimama tu ikiwa jaribio linatoa jibu la kutegemewa na kama hakuna njia nyingine ya kulipata. Mwaka wa 1971, wataalamu wawili, Weil na Scala, walichapisha matokeo ya kemikali zilezile zilizopimwa katika maabara zaidi ya 20. Kemikali iliyoonekana kali sana katika maabara moja ilionekana hafifu katika nyingine. Isitoshe, mwongozo wenyewe unakiri kwamba vitu vyenye asidi kali au alkali kali havihitaji kutiwa jichoni ndipo ijulikane kwamba vinaunguza. Kipimo cha pH kinatosha. Soda ya kostiki imo katika kundi hilo, sawa na dawa nyingi za kulainisha nywele.

Njia nyingine nazo zimekwisha kupatikana. Tangu mwaka wa 2009, OECD imekubali konea za ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama. Konea hufungwa katika kifaa maalumu, ikatiwa kemikali, kisha hupimwa ni mwanga kiasi gani unaopenya na ni rangi kiasi gani inayovuja. Mwaka wa 2015 iliidhinisha tabaka la seli za binadamu linalokuzwa maabarani kwa mfano wa konea, na mwaka wa 2022 ikatoa utaratibu wa kuunganisha njia kadhaa ili kupata uamuzi mmoja kuhusu baadhi ya kemikali. Umoja wa Ulaya ulikwisha kupiga marufuku uuzaji wa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka wa 2013. Msomaji wa Kabiro, Kawangware, hahitaji kwenda Ulaya kuzitafuta konea hizo. Vichinjio vya Dagoretti haviko mbali naye, na macho ya ng'ombe wanaochinjwa huko si kitoweo kinachogombaniwa.

Hapa ndipo ninapoingia kama mwanaisimu. Maarifa yaliyotokana na macho ya sungura hufupishwa kuwa maneno machache kwenye kibandiko. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali unatofautisha madhara mawili: lile linalopona katika muda wa siku 21 na lile lisilopona. Siku hizo 21 ndizo alizovumilia sungura. Nipitapo Kabiro huiona sabuni ya maji ikiuzwa katika chupa zilizokuwa na soda au maji ya kunywa, na katika saluni dawa ya nywele ikichotwa kutoka kopo ambalo onyo lake limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kumtaabisha hata mwenye miwani. Chupa ya pili haina neno lolote. Maarifa yaliyogharimu macho yamemwagwa njiani kabla ya kumfikia muuzaji, msusi na mtoto anayecheza karibu na ndoo.

Tukisema tu kwamba dawa fulani "inawasha", hatujamaliza kazi. Pilipili inawasha, na upupu unawasha. Mtu hujikuna akaendelea na shughuli zake. Napendekeza tutenge maneno mawili. "Huwasha macho" liwe la madhara yanayopona, nalo litanguliwe na neno "Tahadhari". "Huharibu macho" liwe la madhara ya kudumu, nalo litanguliwe na neno "Hatari". Chini yake yaandikwe maagizo: osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa wazi, kisha uende hospitalini. Katika mtaa ambamo maji hununuliwa kwa mtungi, sharti mtu ayajue hayo mapema ili asikose maji siku ya siku.

Haya si maombi ya hisani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa haijamfikia. Kwa upande wa wanyama, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya majaribio juu ya mnyama hai awe na leseni. Bunge lipige hatua zaidi na kukataza macho ya wanyama kutumiwa kupima sabuni na vipodozi. Nalo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lisiruhusu bidhaa yoyote yenye kemikali ya kudhuru macho kuuzwa bila onyo la Kiswahili, hata ile inayopunguzwa na kutiwa katika chupa nyingine.

Walimu nao wasingoje Bunge. Wa Kiswahili na wa sayansi washirikiane, wawaagize wanafunzi walete vibandiko vya bidhaa za nyumbani, wavitafsiri darasani, kisha wavirudishe kwa wazazi. Zoezi la tafsiri lenye manufaa kuliko hilo ni adimu, na pengine litaokoa jicho la mtu ambaye hajui kwamba sungura alikwisha kumlipia onyo hilo.