Vihisi-Bayolojia Vinavyoamshwa na Mwanga katika Ugunduzi wa Aflatoksini kwenye Mahindi na Mimea ya Dawa

Mwaka 2004, mahindi yaliyochafuliwa na aflatoksini yalisababisha vifo 125 miongoni mwa wagonjwa 317 walioripotiwa nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya mashariki. Sumukuvu hii, inayozalishwa hasa na kuvu Aspergillus flavus, haiondolewi na upishi wa kawaida. Kromatografia huipima kwa usahihi, lakini huhitaji maabara na wataalamu. Makala haya yanafafanua njia mbadala pamoja na mipaka yake.

Kihisi kinachoamshwa na mwanga hujengwa juu ya elektrodi iliyopakwa nusukipitishi, kwa mfano titani dioksaidi. Mwanga wenye nishati ya kutosha huinua elektroni na kuacha mashimo. Molekuli toaji iliyomo katika myeyusho, kama vile asidi askobiki, huyajaza mashimo hayo, na mkondo mdogo wa umeme hupita. Juu ya elektrodi hufungwa aptameri, yaani kipande cha DNA kilichoteuliwa kwa uwezo wake wa kuishika sumu husika. Aflatoksini B1 ni molekuli ndogo. Kuwapo kwake pekee huzuia toaji kwa kiasi kidogo. Hata hivyo, aptameri inapoishika hubadili umbo, na badiliko hilo ndilo hupunguza au kuongeza mkondo. Kwa kuwa kinachoingia ni mwanga na kinachosomwa ni umeme, kelele ya chanzo huathiri ishara kwa kiasi kidogo.

Unyeti, basi, si kikwazo kikuu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi huruhusu mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, kiasi ambacho vihisi hivi vinaweza kukifikia. Ugumu umo katika sampuli yenyewe. Polifenoli za mimea ya dawa hutoa elektroni kama toaji, na rangi zake hufyonza mwanga. Hivyo kihisi kisichosafishiwa sampuli chaweza kuitangaza dawa yenye sumu kuwa salama. Aidha, sumu haisambai sawasawa ghalani: punje chache huweza kubeba sehemu kubwa ya uchafuzi wa gunia zima.

Kwa hiyo, kihisi kisitathminiwe kwa kikomo cha ugunduzi katika myeyusho safi pekee. Kipimwe pia kwa sampuli halisi, kikilinganishwa na kromatografia, na utaratibu wa uchukuaji sampuli uelezwe bayana.