Mgomo wa 1950 wadai riwaya ya vijana

Victor Stafford Reid, mwandishi wa Jamaica aliyeaga dunia mwaka wa 1987, anastahili kujulikana na kila mwalimu wa fasihi nchini Kenya. Mnamo 1958 alitoa riwaya ya The Leopard, ambayo mandhari yake ni Kenya ya wakati wa vita vya Mau Mau. Hata hivyo, si riwaya hiyo inayonisukuma kuandika, bali vitabu alivyowatungia vijana wa kwao baadaye.

Vitabu vya kikoloni viliwachora wapiganiaji haki wa Jamaica kama wahalifu. Reid akajibu kwa hadithi. Sixty-Five (1960) inasimulia maasi ya Morant Bay ya mwaka wa 1865. The Young Warriors (1967) ni kisa cha wavulana watano wa jamii ya Maroon, wazao wa watu waliotoroka utumwa wakakita makao milimani, wanaowasaidia wazee wao kuwashinda askari wa Kiingereza. Peter of Mount Ephraim (1971) inahusu maasi ya mwaka wa 1831 yaliyoongozwa na Samuel Sharpe.

Nionavyo mimi, nguvu ya The Young Warriors imo katika umri wa wahusika wake. Msomaji haambiwi awasujudie mashujaa walio mbali naye. Anamkuta mtoto wa rika lake akiogopa, akikosea njia, kisha akijikaza. Kitabu cha historia humpa mwanafunzi tarehe na sababu, riwaya humuuliza, "Ungalikuwa wewe, ungalifanya nini?"

Waandishi wetu nao hawakulala. P. M. Kareithi alituandikia Kaburi Bila Msalaba kwa Kiswahili mwaka wa 1969, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawatungia watoto visa vya Njamba Nene kwa Kikuyu katika miaka ya 1980. Basi msitu umepata wasimulizi wake. Kiwanda nacho chadai wake.

Tazama mitaa inayopakana na Industrial Area. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya umati akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai wakakamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakaweka zana chini. Walitaka viongozi wao waachiliwe na mshahara usiopungua Sh100 kwa mwezi. Mgomo huo ulidumu zaidi ya juma moja ukaenea hata nje ya Nairobi. Makhan Singh hakuonja uhuru wake mwenyewe hadi Oktoba 1961.

Sasa mfikirie msichana wa miaka kumi na miwili huko Shauri Moyo wakati huo. Baba yu nyumbani, hana ujira. Unga unakwisha. Jirani anataka kurudi kazini kwa kuwa mwanawe ni mgonjwa. Je, huyo ni msaliti? Swali kama hilo halipati nafasi katika karatasi ya mtihani, ilhali ndilo linalomfunza kijana kupima mambo kabla ya kuhukumu.

Najua baadhi ya walimu watahofu kwamba ubunifu utapotosha ukweli. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina dawa. Makhan Singh mwenyewe aliacha kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, kilichochapishwa mwaka wa 1969. Mtunzi na akishike kwa mkono mmoja, na kalamu kwa mkono wa pili. Abuni msichana na jirani, asibuni mgomo.

Wala wachapishaji hawako mbali. Jomo Kenyatta Foundation ipo Enterprise Road na Longhorn ipo Funzi Road, zote papo hapo Industrial Area. Kutoka meza zao hadi Kaloleni si safari ya kufungiwa masurufu.

Nanyi wanafunzi, msingoje. Wangali wapo wakongwe waliokuwa watoto mwaka huo. Waulizeni walikula nini na waliogopa nini, kisha mwandike. Mtoto wa Jamaica alipewa hadithi ya milima yake. Mtoto wa Makadara naye ana haki ya kupewa ya mtaa wake, tena kwa Kiswahili.