Usimnyoe mbwa wa mteja kabla hujayajua manyoya yake

Kuna elfu 30 niliirudisha kwa mkono wangu mwenyewe, acha leo ikusaidie na wewe.

Nina duka la vyakula vya mifugo hapa Dar. Mwaka jana nikaongeza huduma ya kuosha mbwa nyuma ya duka. Beseni, bomba, mashine ya kunyolea, basi. Mama mmoja akaleta German Shepherd wake, akaniambia, "Mwanangu, joto hili, mnyoe tu apate hewa." Nikanyoa yote. Miezi 4 baadaye manyoya yamerudi viraka viraka. Nikamuomba radhi na hela yake nikampa.

Kosa langu lilikuwa nini? German Shepherd, kama Husky, ana manyoya ya tabaka mbili: ya juu magumu, ya chini laini. Yanamkinga na baridi, na jua pia. Ukiyanyoa, ngozi inabaki wazi, na ya juu yanaweza kuchelewa au yasiote sawa. Huyu anachanwa vizuri, yale yaliyokufa yatoke. Hapo hewa inapita.

Maltese na Poodle ni tofauti. Nywele zao zinarefuka tu kama zetu, kwa hiyo hao wanakatwa, na nyumbani wachanwe karibu kila siku. Ila fungua mafundo KABLA ya kuosha. Likishalowa, fundo linakaza zaidi.

Boerboel na wengine wa manyoya mafupi ndio rahisi: brashi ya mpira, aoge, akaushwe. Usisahau kukagua kupe masikioni na katikati ya vidole.

Shampuu tumia ya mbwa. Ya watu au sabuni ya vyombo inakausha ngozi, mbwa anaanza kujikuna, na lawama inarudi kwako.

Siku hizi mteja akifika, kwanza napitisha vidole kwenye manyoya mpaka kwenye ngozi, ndio nataja bei. Mbwa mwenye mafundo analipiwa zaidi, maana kazi yake ni kubwa. Na mtu akiniambia nyoa German Shepherd, namuelewesha. Akishikilia, namuacha aende.

Yule mama bado anapita mbele ya duka. Ananisalimia vizuri tu, lakini haingii.

Kazi njema.